Homa Imeshuka, Moyo Je? Mwako wa Misuli ya Moyo na Neno 'Kupona' Mombasa Bara

Utangulizi

Kuanzia katikati ya Desemba 2017 hadi tarehe 3 Februari 2018, wagonjwa 453 wa chikungunya waliripotiwa katika Kaunti ya Mombasa. Kati yao, 32 walithibitishwa na maabara na waliosalia walishukiwa kutokana na dalili zao. Walitoka katika kaunti ndogo zote sita: Mvita kisiwani, na Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu upande wa bara. Haukuwa ugeni wa kwanza. Mwaka wa 2004 ugonjwa huohuo ulizuka Lamu, ambako uchunguzi wa damu ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umeteremka hadi Mombasa, kisha ukavuka bahari hadi Komoro na kisiwa cha Réunion.

Katika milipuko hiyo mazungumzo ya watu yalihusu magoti, vifundo na viwiko, na walikuwa na haki, kwa kuwa maumivu ya viungo ndiyo yanayomlaza mgonjwa kitandani. Hata hivyo, chikungunya, kama zilivyo homa nyingine nyingi za virusi, yaweza kufanya kazi mahali ambapo jicho halifiki. Inaweza kuwasha moto ndani ya misuli ya moyo. Ifahamike mapema kwamba hili huwapata wachache. Walio wengi huugua, huchechemea kwa wiki au miezi, na mioyo yao haiguswi. Lakini hao wachache hawajulikani mpaka watafutwe, na kuwatafuta huanza kwa kuwauliza.

Makala haya yanaeleza jinsi seli za misuli ya moyo zinavyoukabili mwako na jinsi zinavyopata nafuu. Hoja yake ni kwamba mwako huo una saa yake, isiyofuata saa ya homa, na kwamba lugha inayotumiwa na wagonjwa na hata na wahudumu wa afya aghalabu huzichanganya saa hizo mbili.

Majina yaliyotoka pwani

Jina chikungunya ni la Kibantu. Ugonjwa ulielezwa kitaalamu kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, na Marion Robinson akauandikia makala mwaka wa 1955. Neno hilo la Kimakonde lina maana ya kile kinachokunja, yaani ugonjwa unaompinda mtu hata asiweze kusimama wima. Takriban miaka themanini kabla ya hapo, daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Zanzibar, aliandika kuhusu homa iliyoenea huko mwaka wa 1870. Waswahili waliiita kidinga pepo, na wazee waliikumbuka tangu mlipuko wa 1823. Wengi hulihusisha jina hilo na neno dengue linalotumiwa leo ulimwenguni kote, ingawa wako wasiokubali. La ajabu ni kwamba mwaka wa 1971 mtafiti Donald Carey alitoa hoja kwamba homa aliyoieleza Christie inafanana zaidi na chikungunya kuliko na dengi ya leo. Ikiwa ni kweli, jina lilishika njia moja na ugonjwa ukashika nyingine.

Majina yote mawili yametokana na kinachoonekana: mtu aliyepinda, mtu aliyeshikwa ghafla kama aliyepandwa na pepo. Moyo haumo. Baada ya mlipuko wa Réunion wa 2005 na 2006, madaktari wa huko waliwachunguza wagonjwa wazima 610 ambao ugonjwa uliwajia kwa namna zisizo za kawaida. Matatizo ya moyo na mishipa ya damu yalikuwa miongoni mwa yale yaliyojitokeza sana, ukiwemo mwako wa misuli ya moyo. Dengi, ambayo ilizuka Mombasa mwaka wa 2013, huweza kuleta hali hiyo pia, na kadhalika mafua makali, na UVIKO-19 ulioingia Kenya Machi 2020.

Seli isiyopewa likizo

Moyo wa mtu mzima una seli za misuli zipatazo bilioni mbili hadi tatu. Seli moja ina urefu wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na umbo lake ni kama tofali lenye matawi. Seli hizi zimeshikana ncha kwa ncha, na katika maungio yake mna vijia ambamo umeme hupita kutoka seli moja hadi nyingine. Kwa sababu hiyo zinavuta pamoja, mithili ya wapiga makasia wanaofuata sauti moja. Mmoja akichelewa, mashua bado inakwenda. Wakichelewa wengi, inazunguka palepale.

Kila pigo huanza kwa umeme unaofungua milango ya kalisi kwenye utando wa seli. Kalisi kidogo inayoingia huchochea kalisi nyingi iliyowekwa akiba ndani ya seli imwagike. Kalisi hiyo huishika protini iitwayo troponini, na hapo nyuzi za mayosini huzivuta nyuzi za aktini, seli ikajikunja. Kisha kalisi yote hurudishwa ghalani kabla ya pigo linalofuata. Kazi hii hufanyika takriban mara 100,000 kwa siku. Ili kuigharimia, karibu theluthi moja ya ujazo wa seli imejaa mitokondria, vile vinu vidogo vya kutengeneza nishati. Mguu uliochoka hupumzishwa, na mkono ulioteguka hufungwa bendeji ukatulizwa. Seli ya moyo hutibiwa huku ikiwa kazini.

Moto unavyowaka

Virusi vilivyochunguzwa kwa undani zaidi katika ugonjwa huu ni vya Coxsackie B, ambavyo hupatikana kila mahali duniani na mara nyingi huleta homa ndogo tu kwa watoto. Virusi hivi huishika protini iliyo hasa kwenye maungio ya seli za moyo, vikaingilia hapo. Vikishaingia huigeuza seli kuwa kiwanda chao. Kimojawapo cha vimeng'enya vyao hukata distrofini, protini inayoufunga utando wa seli na nyuzi zilizo ndani, kama kamba inayofunga tanga mlingotini. Seli iliyokatiwa kamba hiyo huchanika kwa mikiki ya mapigo yake yenyewe, na troponini huvuja ikaingia kwenye damu. Maabara inapopima troponini, kimsingi inahesabu mabaki ya seli zilizochanika.

Seli iliyovamiwa haikai kimya. Hutoa interferoni, ambayo huziamsha seli jirani zifunge milango yake. Askari wa kinga hufika: kwanza makrofeji na wenzao wanaoshambulia bila kuchagua, baadaye seli T ambazo humtambua adui kwa alama zake na kuziua seli zinazomficha. Askari hao huwasiliana kwa kemikali ziitwazo saitokini. Bila wao virusi vingetawala. Kwa kuwa wapo, seli nyingi za moyo hufa, baadhi kwa mikono ya virusi na nyingine kwa mikono ya walinzi.

Hapa pana jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo lenye matumaini zaidi katika habari hii yote. Saitokini huzidhoofisha hata seli ambazo hazina kirusi ndani yake wala hazikujeruhiwa. Huvuruga mzunguko wa kalisi, huzuia vinu vya nishati visifanye kazi vizuri, na huchochea kutengenezwa kwa naitriki oksaidi inayopunguza nguvu ya kujikunja. Kwa hiyo moyo waweza kulegea sana katika wiki ya pili ya ugonjwa ilhali seli zilizokufa ni chache. Zilizosalia zi hai, ila zimepigwa bumbuwazi. Picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti haiwezi peke yake kutofautisha moyo uliozubaa na moyo uliopoteza seli zake. Yote miwili huonekana ikipiga kwa uvivu.

Saa mbili zilizotajwa mwanzoni huachana hapo. Homa ya chikungunya kwa kawaida haipiti wiki moja, na virusi hupungua katika damu katika siku hizohizo. Mashambulizi ya kinga ndani ya misuli ya moyo, yakitokea, huweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Paji la uso limepoa, mgonjwa ameomba chakula, jirani wamekuja kumpa pole na kumpongeza, na kumbe ndani yake kazi ndiyo kwanza imekolea.

Si kila mwako wa moyo huletwa na virusi. Katika homa ya baridi yabisi, inayowapata watoto baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa, kinga huchanganyikiwa kwa kuwa protini za bakteria husika zinafanana na mayosini ya moyo. Katika ugonjwa huo misuli kwa kawaida hupata nafuu; vali ndizo zinazobaki na makovu ya maisha.

Kupona kwa namna tatu

Kinga yenyewe huuzima moto iliouwasha. Makrofeji waliokuwa wakishambulia hufuatwa, na wengine hugeuka, kuwa makrofeji wa kusafisha na kutuliza. Seli T za udhibiti huwazuia wenzao. Saitokini zinapopungua, seli zilizozubaa huanza kuirudisha kalisi ghalani kwa wakati, hula vinu vyake vilivyoharibika na kutengeneza vipya, na nguvu hurejea. Huku ndiko kupona kwa kweli, na ndiko kunakoeleza kwa nini mtu aliyelazwa akiwa hawezi kuvuka chumba bila kutweta anaweza kutembea vizuri baada ya mwezi mmoja.

Seli zilizokufa ni habari nyingine. Ngozi iliyochubuka huota, na ini lililokatwa sehemu hukua tena. Moyo wa binadamu karibu hauoti. Mwaka wa 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, wakiongozwa na Jonas Frisén, waliuthibitisha ukweli huo kwa njia isiyotarajiwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliijaza hewa ya dunia kaboni-14, ambayo iliingia katika mimea, katika vyakula, na hatimaye katika jenomu za watu. Seli inapozaliwa huibeba kaboni ya mwaka wake, na kwa hiyo yaweza kukadiriwa umri. Walipozipima seli za mioyo waligundua kwamba mtu wa miaka 25 huzibadilisha takriban asilimia 1 tu kwa mwaka, na afikapo miaka 75 kiwango hicho hushuka hadi asilimia 0.45. Mtu afariki akiwa mkongwe, zaidi ya nusu ya seli za moyo wake ni zilezile alizozaliwa nazo.

Kwa kuwa hakuna wa kuzirithi, nafasi za seli zilizokufa hujazwa na faibroblasti, ambazo hufuma kolajeni. Hilo ni kovu. Kovu huziba pengo na kuuzuia ukuta wa moyo usipasuke, na kwa hilo linastahili shukrani. Lakini halijikunji wala halipitishi umeme. Umeme ukifika hapo hulazimika kulizunguka, na wakati mwingine hunaswa katika mzunguko huo usitoke, mapigo yakaenda mrama. Mtu aliyekuwa akionekana mzima kwa miezi huweza kuanguka ghafla kwa sababu ya kovu dogo lisilojulikana.

Namna ya tatu ni ya seli zilizosalia kunenepa ili zifanye kazi ya wenzao. Husaidia kwa muda. Moto ukiendelea kufukuta chinichini, moyo hutanuka na kulegea kidogokidogo.

Miongoni mwa wagonjwa wa mwako mkali uliothibitishwa kwa kuchunguza kipande cha nyama ya moyo, takriban nusu hupata nafuu kamili katika wiki mbili hadi nne. Robo hivi hubaki na udhaifu wa kudumu, na waliosalia hali yao huweza kuharibika upesi hata kufikia kifo au kuhitaji moyo wa kupandikizwa. Yapo mambo mengi yanayomweka mtu katika fungu hili au lile, na mengi hayamo mikononi mwake. Moja limo: kazi nzito. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 1970 lilionyesha kwamba panya walioambukizwa virusi vya Coxsackie na kulazimishwa kuogelea walizalisha virusi vingi mno mioyoni mwao, na wakafa zaidi kuliko waliopumzishwa. Kwa sababu hii, wataalamu wamekuwa wakiwashauri wanamichezo waliopata mwako wa misuli ya moyo wasishindane kwa miezi mitatu hadi sita.

Ushauri huo unamzungumzia mwanamichezo. Hauonekani kumfikiria mchukuzi wa gunia soko la Kongowea, wala msukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, wala kibarua wa bandarini anayeishi Changamwe na kulipwa kwa siku. Kwa hawa moyo ndio mtaji, na kibarua hakina likizo ya ugonjwa. Msukuma mkokoteni ana hatari maradufu, kwa kuwa mahali ambapo maji ya mfereji hukatika ndipo watu hujaza mapipa na mitungi, na katika maji hayo yaliyotulia ndimo anamozaliwa mbu wa Aedes aegypti, aumaye mchana na kueneza chikungunya na dengi.

Msamiati unapoponza

Kiswahili kimezoea kuyaita magonjwa ya namna hii kwa neno homa likifuatwa na jina la kiungo: homa ya ini, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo. Kwa mantiki hiyo ugonjwa unaojadiliwa hapa ungeitwa homa ya moyo, na pengine jina hilo lingekubalika upesi. Ni jina la kuepukwa. Homa, katika akili ya msemaji wa Kiswahili, ina mwanzo na mwisho, na mwisho wake hupimwa kwa kiganja juu ya paji la uso. Kuuita ugonjwa huu homa ni kumwambia mgonjwa kwamba umekwisha siku joto liliposhuka. Neno uvimbe nalo lina kasoro, maana huashiria kitu kinachoonekana au kupapaswa, na siku hizi hutumiwa sana kwa vivimbe vya saratani. Mwako, neno lililotumiwa katika makala haya, lina faida ya kubeba picha ya moto unaoweza kufukuta bila kuonyesha ndimi. Neno la Kilatini lililozaa istilahi ya kimataifa lina picha hiyohiyo ya kuwaka, kwa hiyo hakuna kilichopotea njiani.

Tatizo la pili ni neno moyo lenyewe. Mwenyeji wa Mombasa anayesema moyo umemchafuka ana kichefuchefu, na dawa yake si ya moyo. Anayelalamikia chembe cha moyo anaonyesha mahali palipo chini ya kifua, juu ya tumbo; anaweza kuwa na vidonda vya tumbo. Kwa upande mwingine, asemaye moyo wamdunda au wamwenda mbio akiwa amelala huenda anataja dalili yenyewe. Daktari aliyejifunza Kiswahili shuleni, mbali na pwani, anaweza kuyachukua maneno haya kinyume: akampeleka wa kichefuchefu kwenye kipimo cha umeme wa moyo, na wa mapigo akamtuliza kwamba ni wasiwasi tu. Kamusi nyingi huorodhesha misemo hii kama nahau za kupambia insha. Yafaa wanafunzi wa isimu waiorodheshe pia kama lugha ya dalili, wakikaa na wauguzi katika vituo vya Likoni, Port Reitz na Kisauni, kwa sababu muuguzi wa mapokezi huisikia kila asubuhi.

Kisha liko neno kupona. Mgonjwa akiulizwa wiki tatu baada ya chikungunya kama amepona, atajibu kwamba amepona, namshukuru Mungu, na hatakuwa amesema uongo. Amejibu kuhusu homa. Swali linalolenga moyo lazima liwe na mizani ambayo mtu anayo tayari mwilini mwake. Mkazi wa Likoni anayo. Kila anaposhuka kwenye feri upande wa kisiwani huupanda mteremko wa kivukoni pamoja na umati, na anajua fika alikuwa akiupandaje kabla ya kuugua. Aulizwe kama sasa husimama njiani kutafuta pumzi, kama kifua humbana anapofika juu, kama amewahi kuona kizunguzungu au kuzimia, kama miguu yake huvimba jioni. Akikubali mojawapo, apelekwe kupimwa umeme wa moyo na troponini siku hiyohiyo, na gunia lingoje.